Mhariri, si kila asiyekanyaga kanisani ni atheisti

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme juu ya hii tabia ya kumwita kila mtu asiyeonekana kanisani atheisti, yaani mtu asiyeamini kuna Mungu, maana huku kwetu Vihiga imezidi, hata redioni nasikia watangazaji wakirusha hilo jina ovyo ovyo, mara mpagani, mara mkana Mungu, mara ati ameingia mambo ya giza, na kumbe mwenyewe alionekana tu Jumapili akipalilia mahindi.

Mimi ni Mkristo, niseme mapema ndio mtu asianze kuniombea. Kanisa langu ni la Friends, wale wanaoitwa pia Quaker, waliofika Kaimosi 1902, na bado nakaa benchi la mbele.

Sasa mjomba wangu aliacha kanisa lake, lingine sio letu, kwa sababu ya mabati. Watu walichanga, wageni wakaitwa, harambee ikafanyika, pesa ikahesabiwa mbele ya kila mtu na mabati hayakuonekana. Akauliza, akaambiwa avumilie. Akauliza tena, akaambiwa ana roho ya uasi, basi akabaki nyumbani kwake. Wazee wa kanisa wakakaa wakaamua amepoteza imani, wakamtumia vijana wawili wa injili, wakamkuta amekaa chini ya mwembe wakaanza, mzee ona hivi vilima, ona jua vile linachomoza, hivi vyote viliumbwa na nani? Mzee akawaangalia akasema, "Mungu ndiye aliumba, hiyo najua. Mimi nauliza pesa ya mabati iko wapi." Wale vijana hawakuwa wamejiandaa na hilo swali. Na huyo ni mtu alikuwa anaomba kila asubuhi kwa sauti mpaka majirani wanasikia, lakini alipofariki, siku ya mazishi mchungaji akashika maiki akasema familia iombewe kwa sababu marehemu alikuwa atheisti. Mjane wake alikuwa amekaa hapo mbele na Biblia ya huyo huyo marehemu mapajani, imezeeka mpaka kava imeshonwa na uzi wa gunia.

Linganisha na mtoto wa kaka yangu anayesoma Maseno. Huyu akija likizo anakuja kanisani, anaimba besi kwa kwaya na watu wanamsifu, lakini tukiwa jikoni tunachambua mboga ananiambia, "Anti, mimi sisemi Mungu hayuko, nasema sijui, na sioni vile binadamu anaweza kujua." Hiyo ndio msimamo wa agnostiki. Mwingereza Thomas Huxley, mwanasayansi aliyekuwa akimtetea Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, ndiye alijipa hilo jina mwaka 1869 kwa sababu kila mtu karibu naye alikuwa na uhakika wa jambo fulani na yeye hakuwa nao, wa kuwa Mungu yupo wala wa kuwa hayupo. Kwa hivyo ona mambo yalivyo, mwenye kuamini yuko nje anaitwa atheisti na mwenye hajui yuko ndani anashika noti ya chini.

Atheisti wenyewe nao wapo, na hawajifichi. Chama chao cha Kenya kilisajiliwa Februari 2016, halafu Aprili mwaka huo huo usajili ukasimamishwa ati kinaweza kuvuruga amani, wakaenda kortini. Mwaka 2021 katibu wao alijiuzulu akisema amempata Yesu, na chama kikatangaza hivyo wazi na kumtakia heri, ustaarabu ambao sijaona kanisa likimfanyia mtu anayetoka. Lakini hata hao ukiwasikiza vizuri hawasemi kitu kimoja. Kuna anayesema kabisa hakuna Mungu, amefunga hilo jambo. Na kuna anayesema sijashawishika, niletee sababu nzuri tuone. Wa kwanza amedai kitu na lazima akitetee, wa pili anangoja wewe ndio utetee chako, na ukienda kubishana nao bila kujua uko na nani utapoteza mchana wote.

Halafu kuna wale ambao hili swali halijawahi kuwanyima usingizi. Jirani yangu wa boda Jumapili anaosha piki, anaenda steji. Ukimwuliza kama Mungu yupo anasema labda, unaenda wapi?

Kuna aina nyingine ambayo ikitajwa inaniuma kama mtu wa Friends. Thomas Paine, yule mwandishi wa wakati Marekani inapigania uhuru, aliandika kwamba anaamini Mungu mmoja, na hapo hapo akakataa vitabu vitakatifu, miujiza na makanisa yote. Mungu aliumba, basi, hayo mengine ni ya watu. Kwa hayo akaitwa atheisti akiwa hai na akaendelea kuitwa hivyo miaka mia moja baada ya kufa. Baba yake alikuwa Friends, naye akaomba azikwe kwa makaburi ya Friends, wakakataa, na 1809 akazikwa shambani kwake na watu wachache sana. Wenzetu wa New York walikosa hapo, sitawatetea.

Na usifikirie asiyeamini Mungu muumba lazima awe hana dini. Wajaini, ambao hapa Kenya wengi ni wale Wahindi Waoshwal, wana mahekalu, wanafunga kula, hawataki hata mdudu auawe, na kwa mafundisho yao hakuna Mungu aliyeumba dunia. Wafuasi wa Elijah Masinde wa Bungoma nao ni kinyume chake, walikuwa wanamwomba Mungu, wanayemwita Wele, usiku na mchana, na bado serikali ya mkoloni ikapiga marufuku dini yao, Dini ya Msambwa, 1948 na wamishonari wakawaita wapagani.

Mtu ataniuliza haya yote yanasaidia nini. Yanasaidia kwa sababu kila mmoja anahitaji neno lake. Mjomba alihitaji hesabu, sio mahubiri ya uumbaji. Mama aliyefiwa na mtoto na sasa hataki kusikia maombi amemkasirikia Mungu, na huwezi kumkasirikia mtu ambaye unaamini hayuko, kwa hivyo ukimpelekea hoja za kuthibitisha Mungu yupo unamwongezea uchungu tu. Na wale ambao baada ya Shakahola, ule msitu ambapo wafuasi wa mhubiri mmoja waliambiwa wafunge kula mpaka wafe na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, waliapa hawataingia tena kanisa lolote, wengi wao wanaogopa wachungaji. Mungu hawana shida naye.

Sheria kwa upande mmoja ilishaona hii tofauti. Ukienda kortini kutoa ushahidi na ukatae kuapa kwa kitabu, unaruhusiwa kuthibitisha kwa maneno tu, iwe ni kwa sababu huna imani ya dini au ni kwa sababu dini yako yenyewe inakukataza kuapa. Friends wa zamani walikuwa hivyo, ndiyo yao ilikuwa ndiyo. Ukikaa hapo nyuma ya korti na umwone mtu anakataa Biblia huwezi kujua kama ni atheisti au ni mtu wa dini kali kuliko wewe. Katiba nayo kifungu cha 32 inalinda dhamiri ya kila mtu, amini usiamini.

Lakini sensa ilituangusha. Ile ya 2019 ilihesabu watu 755,750 kwa mstari mmoja ulioandikwa wasio na dini na maatheisti, wote pamoja. Mwaka 2009 wasio na dini walikuwa 922,128, kwa hivyo hata wale wanaolia ati nchi imejaa wakana Mungu hesabu inawakataa, ingawa kwa huo mstari mmoja huwezi jua ni nani alipungua, wa mabati au wa hakuna Mungu. Naomba watu wa takwimu wakitengeneza fomu ya 2029 waweke asiye na dini peke yake, atheisti peke yake, na anayeamini lakini hana kanisa naye apewe mstari wake, na makarani wafunzwe kuuliza badala ya kuangalia kama ukutani kuna picha ya Yesu.

Wako msomaji,
Fundi wa nguo,
Mbale, Vihiga