Tusikiite chuo cha Tudor kichanga

Mhariri,

Kila msimu wa wanafunzi kuchagua vyuo, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa husemwa kuwa ni kichanga, eti kwa sababu kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Si haki. Pale Tudor, mtaa wa Mombasa kilipo chuo hiki, wanafunzi walianza kupokewa mwaka 1951, enzi za MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyochangiwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mwaka 1972 ikawa Politekniki, na wazee wengi hapa Pwani hadi leo huiita hivyo.

Sifa ya chuo hiki ilijengwa karakanani. Marehemu baba alisomea pale. Hata uzeeni alikuwa akipitisha ukucha juu ya chuma kilichotoka kwenye mashine ya kukereza, akuonyeshe mahali panapohitaji tupa.

Naliomba baraza la chuo na Wizara ya Elimu wasiache shahada zikaimeza stashahada. Waongeze saa za karakana, na wawaalike mafundi wastaafu wa bandari na reli wafundishe kabla hawajatutoka.

Msomaji,
Mombasa