Leseni ya sarafu mtandao: kodi imetangulia, sheria iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaoandaa hesabu na nyaraka za kampuni ndogo hapa Dar es Salaam tunaulizwa mara kwa mara, nalo ni utaratibu wa kupata leseni ya kufanya biashara ya sarafu mtandao, yaani sarafu za kidijitali kama Bitcoin. Jibu ninalolazimika kutoa ni kwamba leseni hiyo haipo. Naamini Serikali inapaswa kuiweka, tena iwe na masharti makali, badala ya kuiacha biashara hii iendelee kufanyika pembeni huku ikitozwa kodi.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma ikikumbusha kwamba fedha halali nchini ni Shilingi ya Tanzania pekee, na kwamba biashara ya sarafu hizo inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza kuzindua jengo la Benki Kuu, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka taasisi hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko yanayoletwa na sarafu hizo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, na wajibu wa kuikata akabebeshwa mwenye jukwaa linalowezesha muamala. Kwa hiyo mtu yuleyule ambaye sheria ya kodi inamtambua na kumpa kazi ya kukusanya mapato ya Serikali, taarifa ya 2019 bado inamhesabu kuwa mvunja kanuni. Mfanyabiashara mwaminifu hawezi kupanga mambo yake katika hali hiyo.

Wapo wanaodhani hili ni suala la vijana wachache wanaobahatisha kwenye simu. Waende Kariakoo. Dola ilipoadimika mwaka 2023, waagizaji wa bidhaa kutoka China walijifunza kununua USDT, sarafu ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola moja ya Marekani, na wengi hawajaiacha. Mwagizaji hutuma shilingi kwa simu kwa muuzaji aliyempata kwenye kundi la WhatsApp, muuzaji huachia sarafu, na mwenye kiwanda Guangzhou huzipokea kabla chai haijapoa. Mteja wangu mmoja, mwenye duka la vipuri vya simu Mtaa wa Aggrey, aliniletea kielelezo cha malipo ya aina hiyo: picha ya skrini yenye mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, pamoja na ujumbe wa muamala wa simu uliobeba jina la mtu binafsi. Hapakuwa na ankara, hapakuwa na TIN, hapakuwa na risiti ya EFD. Nilipomwambia kwamba siwezi kuiingiza kwenye hesabu kama gharama ya manunuzi, aliniuliza, "Sasa kaka, nikanunue kwa nani mwenye leseni?" Sikuwa na mtu wa kumwelekeza.

Upande wa pili wako wale wanaotaka kuwa hao wauzaji wenye leseni. Kusajili kampuni BRELA si tatizo, na TIN hupatikana bila shida. Ugumu unaanza pale anapouliza ni mamlaka ipi itakayomsimamia. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inahusu mifumo ya malipo na fedha za kielektroniki, ambazo nyuma yake kuna shilingi halisi. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 iliandikwa kwa ajili ya hisa, hatifungani na mfano wake. Vijana wawili niliowaandalia nyaraka waliandika barua kwenye ofisi moja wakaelekezwa nyingine, na hiyo nyingine ikawarudisha kule walikotoka. Siwalaumu maofisa, maana huwezi kutoa leseni ambayo sheria haikukupa. Lakini matokeo yake ni kwamba wengine hujiandikisha kama kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, kisha benki inapobaini shughuli halisi huifunga akaunti, na wenye uwezo zaidi huhamia nchi kama Mauritius, yenye sheria ya mali za kidijitali tangu 2021. Ajira na kodi huenda nao.

Benki nazo nazielewa. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu inazibana, na nchi yetu imetoka Juni 2025 tu kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakasishaji wa fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa udhibiti wake, baada ya kuwekwa humo Oktoba 2022. Viwango vya FATF kuhusu watoa huduma hawa viko wazi: nchi ama iwasajili au iwape leseni na kuwasimamia, ama ipige marufuku na kuutekeleza mwiko huo. Kutoza kodi bila kusimamia hakumo.

Nchi hii ilishawahi kuvuka mto wa namna hii. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 hapakuwa na sheria ya fedha za simu. Benki Kuu iliruhusu huduma ianze kwa barua za kutokuwa na pingamizi, ikaifuatilia kwa karibu, na sheria ikaja mwaka 2015. Sharti lililotukinga wakati wote ni lile la kuweka fedha za wateja kwenye akaunti za amana katika benki za biashara, mbali na fedha za kampuni yenyewe. Ningependa wabunge walizingatie sharti hilo kuliko lingine lolote, kwa sababu FTX, soko kubwa la kimataifa la sarafu hizi, lilipoanguka Novemba 2022 ilibainika kwamba mali za wateja zilikuwa zimechotwa na kupelekwa kwenye kampuni dada. Anayeshika mali ya mteja aitenge, akaguliwe na mkaguzi wa nje, na hesabu zake zifike kwa msimamizi kwa muda uliopangwa. Asiyeweza kutimiza hayo asipewe leseni, hata programu yake iwe nzuri kiasi gani.

Kuhusu muundo wa leseni, wenzetu wameshaanza. Kenya ilipitisha sheria yake Oktoba 2025 na kugawa usimamizi kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Afrika Kusini ilianza kupokea maombi ya leseni Juni 2023. Umoja wa Ulaya umeweka mtaji wa chini wa euro 50,000, 125,000 au 150,000 kulingana na huduma inayotolewa. Viwango hivyo si vyetu, ila wazo la madaraja tunalifahamu vizuri, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ina madaraja manne. Mtoa ushauri asidaiwe mtaji sawa na mwenye soko linaloshika mali za maelfu ya watu. Na mwombaji apewe jibu la maandishi lenye sababu ndani ya muda uliotajwa kwenye sheria. Ulaya msimamizi ana siku 25 za kazi za kuthibitisha kuwa maombi yamekamilika na siku 40 za kuyatathmini.

Najua wapo wanaohofia kwamba leseni itakuwa muhuri wa kuwahalalishia matapeli, na sipuuzi hofu hiyo. Walioweka akiba zao DECI, mpango wa upatu, hadi ilipofungwa mwaka 2009 bado tunaishi nao mitaani. Estonia nayo iligawa leseni hizi kwa wepesi, kisha ikalazimika kuzifuta nyingi. Hiyo ndiyo sababu ninasisitiza masharti makali. Lakini leo tapeli na mwaminifu wote hawana karatasi, na mwananchi anayeshawishiwa kuweka pesa hana orodha ya kuangalia, ilhali kwa benki na taasisi za huduma ndogo za fedha Benki Kuu huchapisha orodha ya wenye leseni ili kila mtu ajihakikishie.

Naiomba Wizara ya Fedha ichapishe rasimu ya sheria na kupokea maoni ya wadau kabla ya Bunge la bajeti lijalo. Wakati rasimu ikiandaliwa, Benki Kuu ina kanuni za mwaka 2023 za mazingira ya majaribio kwa teknolojia ya fedha. Itamke waziwazi kama watoa huduma za sarafu mtandao wanaweza kuomba kuingia humo, na iihuishe taarifa yake ya 2019 ili iendane na kodi inayokusanywa sasa.

Wako,
Mhasibu,
Ilala, Dar es Salaam.