Mfuko wangu namba 14 uko wapi?

Mhariri,

Huu ni mwaka wa tatu tangu vijana wawili wa chuo, wa kupima mionzi, wafike shambani kwangu, chini ya kilima cha Mrima, kaunti ya Kwale. Walikuwa na adabu zao. Walifagia majani makavu, wakachimba kina cha shibiri moja, wakajaza udongo kwenye mfuko wa plastiki na kuuandika 14 kwa kalamu nyekundu. Kisha wakaomba shina moja la muhogo, mizizi na majani yake. Mke wangu akawapa, na madafu juu. Wakaahidi kurudi na majibu. Mpaka leo, kimya.

Nilifundisha fizikia shule ya upili hadi nikastaafu, kwa hiyo najua kazi hii haina pupa. Udongo hukaushwa, ukachekechwa, ukafungiwa ndani ya kopo lisilovuja kwa karibu mwezi mzima, ili radoni, gesi yenye mionzi inayozaliwa na radiamu ya udongo, isitoroke, na watoto wake, yaani elementi inazogeuka kuwa, wafikie kiwango cha radiamu hiyo. Ndipo kopo huwekwa kwenye mtambo wa kuhesabu miale, saa nyingi. Mwezi mmoja nauelewa. Miaka mitatu, la.

Kwamba Mrima ina mionzi si habari. Mwamba wake umebeba thoriamu, metali yenye mionzi, pamoja na niobiamu na yale madini adimu yanayowatoa wachimbaji mate, tangu kabla wazee hawajaweka kaya yao msituni humo. Tabu ni kwamba habari hiyo imefika sokoni nusu. Mwezi uliopita mteja wa mke wangu alirudisha fungu la mihogo alilokwisha kulitia kikapuni. "Mama, hii si ya Mrima? Nasikia ina nyuklia." Akahamia meza ya pili.

Ningekuwa na majibu ya mfuko ule, ningemjibu. Thoriamu hung'ang'ania udongo, mmea huinyonya kwa shida. Radiamu hupanda kwa urahisi zaidi. Potasiamu ndiyo iliyojaa, na sehemu yake ndogo hutoa mionzi popote duniani: ndani ya ndizi, ndani ya maharagwe, hata ndani ya mteja mwenyewe, bekereli 4,000 hivi (yaani atomu 4,000 zinazovunjika kila sekunde) akiwa na kilo 70. Seziamu 137 ni mgeni. Ilishuka kutokana na mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani, mengi kabla ya 1963, na hupungua nusu kila miaka 30. Mmea huidhania potasiamu. Ndiyo maana kupima udongo peke yake hakutoshi. Muhogo upimwe wenyewe, umenywe na kuoshwa kwanza, kwani vumbi kidogo tu la Mrima kwenye ganda litavuruga hesabu, na hapa hatuli maganda.

Chuo chao sikitaji, wanajijua. Wala sidai pesa. Nataka karatasi moja kwa Kiswahili: udongo kiasi gani, muhogo kiasi gani, kisamvu kiasi gani. Chifu apewe nakala aisome barazani. Na kama kuna ubaya, tuambiwe mapema, maana udongo huu hatuulimi tu, ndio tunaokandikia nyumba tunazolala.

Wakiutafuta stoo, wa udongo ni 14. Wa majani waliuandika 14B.

Mwalimu mstaafu,
Lunga Lunga, Kwale