Kabla hujamwambia Mwingereza kwamba umechoka

Kisumu

Kwa Chebet,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Umeniuliza kuhusu knackered, lile neno ambalo wauguzi wenzako walioko Uingereza hawakosi kulitaja wakitoka zamu ya saa 12 mfululizo, na kama unaweza kulitia kwenye OET, ule mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya. Mtihanini usilitie hata kidogo. Wodini ndiko utalihitaji.

Kwanza litamke vizuri. K ya mwanzo haisikiki, kama ilivyo kwenye knife, na mkazo uko mwanzoni: NA-kad. Huku kwetu wengi humalizia na "-eredi" kwa sababu wamelisoma kabla ya kulisikia.

Maana yake ni kuchoka hoi, huna nguvu hata ya kujitilia chai. Kwa kuwa uchovu huo umeshafika mwisho, wenyewe hawaliongezei very. Husema absolutely knackered au completely knackered. Zamu inayochosha ni knackering, aliyechoshwa nayo ni knackered. Hapo wanafunzi wengi huteleza. Vitu navyo huitwa hivyo, kama sisi tunavyosema viatu vimechoka. Gari mkweche, gia hazishiki na moshi unafuka, ni knackered. Mzee akikwambia my knee's knackered, goti limeharibika, si kwamba linataka kupumzika.

Asili yake ni machinjio. Knacker alikuwa mnunuzi wa farasi waliozeeka au kuumia; aliwachinja, akauza ngozi, kwato na mifupa. Tena knackers, kwa wingi, ni jina la mtaani la korodani, ndiyo maana wazee wengine hulikunjia uso neno zima. Kwenye chumba cha chai na wenzako, sema bila wasiwasi. Mbele ya msimamizi wa wodi ngoja kwanza usikie yeye anasemaje. Kwenye maandishi, hapana: barua ya OET ni maneno 180 hadi 200, na hapo unaandika exhausted au extreme fatigue.

Mgonjwa naye akisema I'm knackered, usicheke tu ukapita. Andika maneno yake yenyewe ndani ya alama za kunukuu, kisha uliza: tangu lini? Akilala, uchovu unaisha? Anahema akipanda ngazi? Amepungua uzito? Wapo wanaolisema kwa mzaha kumbe damu imepungua.

Wamarekani hawalitumii sana, wao utawasikia na beat au wiped out. Na wakala akikubadilishia akupeleke Ireland, chunga: kumwita mtu knacker kule ni tusi zito kwa jamii ya Travellers, wahamaji wa jadi wa huko. Knackered yenyewe haina shida.

Nisalimie mama na wote wa Nakuru. Ukipangiwa tarehe ya mtihani niambie, nikutumie barua za mfano za kufanyia mazoezi.

Wako,
Atieno