Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vipokezi vya Setilaiti kwa Ndege za Kiraia

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka. Warsha mbili zimefanyika. Kipokezi chetu, kinachomwonyesha rubani mahali ndege ilipo, sasa kinapokea GPS na Galileo, mfumo wa setilaiti wa Ulaya, kwa masafa mawili, megahezi 1575.42 na 1176.45, na hivyo kinapima chenyewe jinsi mawimbi yanavyocheleweshwa kwenye ionosfia, tabaka la juu la angahewa, badala ya kukadiria. Antena ya vipande vinne, ya kutambua mawimbi yanatoka upande gani, imekamilika. Nawashukuru waliokesha nayo. Hesabu za mweka hazina zimeambatishwa.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa, yaani kura yangu ya uamuzi, ile ya kuvunja sare. Wajumbe wanne walitaka kipokezi kikishuku kwamba ishara ni za bandia kiendelee kumwonyesha rubani mahali alipo, pamoja na alama ya tahadhari. Wanne walitaka kikate kabisa, yaani kiache kuonyesha mahali hapo, na kutamka kwamba hakijui. Niliamua kikate. Tangu siku hiyo nimeitwa dikteta, tena na watu ambao hawakuwapo kikaoni. Katiba yetu inampa mwenyekiti kura hiyo, na katika miaka sita nimeitumia mara hiyo moja tu.

Naomba sababu zangu zisomwe hadi mwisho. Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yakifika huku chini ni hafifu kuliko kelele ya umeme ya kipokezi chenyewe. Mtambo mdogo wa ardhini unaweza kuyafunika. Huo ndio usumbufu mwepesi, maana kipokezi kinajua kwamba kimepoteza mawimbi. Ugumu uko kwenye ishara za bandia, zinazoiga za setilaiti ili kukidanganya kipokezi. Ukaguzi wa ndani tuliouzoea, ambao kipokezi hulinganisha setilaiti zenyewe kwa zenyewe, unahitaji setilaiti tano kugundua kosa, na sita ili kuitenga yenye kosa, lakini ulibuniwa kwa ajili ya setilaiti moja iliyoharibika. Ishara zote zikitoka kwenye mtambo mmoja wa uongo, zinakubaliana. Ni mashahidi watano waliofundishwa maneno mamoja.

Waliofika kwenye jaribio waliona kwa macho yao. Ndani ya chumba kisichopitisha mawimbi tuliweka vipokezi viwili, cha zamani na chetu. Tukarusha ishara za bandia zinazolingana na zile halisi, tukaziongezea nguvu kidogo kidogo, kisha tukaanza kuzisogeza. Kwenye skrini ya kile cha zamani, vipimo vya nguvu ya ishara za setilaiti tisa vilibaki vya kijani, virefu, bila kutikisika, na nukta ya ndege ikateleza taratibu nje ya njia. Ile rangi ya kijani iliniondolea usingizi. Chetu kiligundua kwamba saa yake inavutwa isivyo kawaida na kwamba mawimbi yote yanatoka upande mmoja, kikafuta nukta.

Haya si ya maabara tu. Tangu 2023 marubani wanaopita karibu na maeneo ya vita Mashariki ya Kati wameripoti saa za ndege kuruka, na kengele za kukaribia ardhi kulia ndege ikiwa juu kabisa. Rubani aliyezoea kuipuuza kengele hiyo ataipuuza hata siku ya kweli.

Wapinzani wangu wanataja Tartu, Estonia, ambako mwaka 2024 Finnair, shirika la ndege la Finland, ilisimamisha safari kwa takriban mwezi mmoja kwa sababu ya kuvurugwa kwa GPS. Wanasema kipokezi kinachonyamaza kinafunga viwanja. Sikubaliani. Kilichokwamisha Tartu ni kukosekana kwa njia nyingine ya kutua isiyotegemea GPS, na safari zilirudi njia hiyo ilipowekwa. Hoja yao moja ina uzito, nayo naikubali: kipokezi kinachokata ovyo kitawachosha marubani. Ndiyo maana masharti ya kurudisha nukta baada ya kukata niliyaandika mwenyewe, kwa muda wangu, nikayapitia mara tatu kabla ya kuyaleta kwenye kamati.

Lakini tusemezane ukweli. Kamati ina wajumbe kumi na watano mbali na mimi, na siku ya kura walikuja wanane. Vikao vitatu kati ya saba havikutimiza akidi. Wanachama ni 64. Waliolipa ada ni 27. Inaniuma. Wangekuja nusu tu ya wanaolalamika leo, kura yangu isingehitajika kabisa.

Mwaka ujao, fedha zikipatikana, tunatarajia kukipandisha kipokezi kwenye ndege ndogo. Tunatumaini pia kuanza kutumia uthibitisho wa Galileo, ambao unatia saini ya kidijitali ndani ya ujumbe wa setilaiti ili kipokezi kijue umetoka kwa nani.

Waliopinga niliwaomba walete hoja zao kwa maandishi. Hadi naandika taarifa hii nimepokea barua moja, na nimeiambatisha neno kwa neno.

Mwenyekiti