Mlisema akili haiguswi

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu likiuzwa shilingi mia mbili na sijawahi kuwaandikia. Ila ile makala ya ugonjwa wa neva za mwendo nimeshindwa kuimeza. Eti unakula misuli tu, akili inabaki salama, na shahidi ni Stephen Hawking, yule mwanafizikia Mwingereza wa kiti cha magurudumu! Hawking aliambiwa anaumwa mwaka 1963, akafa 2018. Wengi hawamalizi hata miaka mitano. Yule ndiye wa kupimia wenzake?

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani. Mkasi ulianza kumponyoka, nyama ya kati ya gumba na shahada ikabonyea. Lakini miezi kabla ya mkasi alikuwa keshabadilika. Analamba sukari koponi kwa kijiko, anagawa vitambaa vya wateja kwa wapita njia, na siku ya msiba wa shangazi akacheka matangani mpaka wakamtoa nje. Mimi mwenyewe nilimwita mlevi mbele ya wanawe, na pombe hajawahi kuonja. Mkono ulipolegea, tukasema karogwa. Daktari ndiye aliyetuambia kuwa mkono na kile kicheko ni ugonjwa mmoja. Tangu 2006 inajulikana: kuna protini, TDP-43, makazi yake ni ndani ya kiini cha seli, ikitoka nje inaganda mabonge. Mabonge hayo yanakutwa kwenye uti wa mgongo wa karibu wote wenye ugonjwa huu, na yale yale yanakutwa kwenye ubongo wa mbele wa wengi wanaopotewa na tabia na maneno. Mwaka 2011 ikapatikana hitilafu ya jeni C9orf72: katika ukoo mmoja huyu analegea mikono, yule anapotewa na akili, mwingine anapata vyote. Mwandishi wenu hayo hakuyaona, aliona kiti cha magurudumu tu.

Na dirisha la bima je? Binti wa dirishani anataka alama ya kidole cha kaka. Kidole hakina nguvu ya kugandamiza mashine. "Mzee, bonyeza vizuri." Mara nne, foleni inaguna nyuma yetu.

Nafasi ya kusahihisha mnayo. Mashuke na Mizani wapumzike wiki moja kwenye ukurasa wa nyota, panatosha. Na mwandishi aje nyumbani, mkasi upo. Akate suruali moja kwa vidole viwili vya mwisho, kisha aandike.

Mdogo wake fundi,
Morogoro