Barua kwa mwanangu: pitia genge kwanza

Mama,

Salamu zako mdogo wako amezifikisha, marahaba. Ila amefikisha na mengine, kwamba ulipimwa wingi wa damu ukakutwa na 9, kwamba kazini umeshaanza kuona kizunguzungu, na kwamba ulimwambia baba asijue. Sasa mimi nisipojua ajue nani? Nimemuuliza nesi wa zahanati hapa Kitunda, kasema mwanamke ambaye hana mimba damu inatakiwa isishuke chini ya 12. Kwa hiyo hiyo 9 siyo ya kuchukulia poa hata kidogo, na we unapanda mwendokasi umesimama toka Kimara mpaka Posta, siku ukidondoka humo ndani nani atanipigia?

Swali langu ni moja, usinizungushe. Unakula nini huko?

Maana mdogo wako alivyokuja kulala kwako anasema hajaona hata jani moja. Asubuhi chai na chapati, mchana wali nyama wa mama ntilie, usiku chipsi kuku, au zege, zile chipsi mayai, na soda baridi. Jiko la gesi unalo, sufuria tulikufungashia, zimekaa tu. Mi ulivyopata ile kazi nilifurahi jamani, hapa mtaani naitwa baba wa yule wa Posta na naitika kwa raha zangu. Lakini kazi bila damu utaifanyaje mwanangu?

Nahisi najua ilipoanzia. Hapa nyumbani nyama ilikuwa inakuja mshahara ukitoka, tarehe zikifika ishirini na kitu ni mchicha, matembele, mchicha tena. Na wewe ulikuwa unazihesabu hizo tarehe, nilikuwa nakuona. Sasa umepata hela yako umeona majani basi, yale yalikuwa ya shida. Sikulaumu kwa hilo. Ila yale ya shida ndo yalikuwa yanawabeba, na leo una uwezo wa kula majani na maini kwenye sahani moja, kitu ambacho hapa kilikuwa kigumu, halafu unaenda kununua viazi vya kukaanga!

Vidonge ulivyopewa meza mpaka viishe, usiache katikati kwa sababu choo kimekuwa cheusi, hivyo vidonge ndo vilivyo. Na chanzo cha damu kupungua urudi hospitali wakuangalie vizuri, hayo mengine mama yako atakupigia muongee nyie wawili.

Mboga sasa. Madini ya chuma ya kwenye majani mwili unayachukua kwa shida kuliko ya kwenye nyama, kwa hiyo kamulia limao. Limao, au kula chungwa papo hapo, linasaidia yale madini yaingie. Na chai mama, hiyo chai ya rangi unayoshushia chakula ndo inayoyazuia, iache ikae saa moja au mawili baada ya kula. Hapo tu nikikupata nitashukuru, maana chai unaipenda wewe.

Kupika usiniambie huna muda. Matembele chambua, osha majani yakiwa mazima kwenye maji yanayotiririka ndo ukate, ukikata kwanza ukaloweka vitamini zinabaki kwenye beseni. Kaanga kitunguu, nyanya, weka mboga, funika, dakika chache ikishalainika ipua bado ina rangi yake, limao unakamulia ikishatoka motoni. Magadi usiweke, yanalainisha na kutunza rangi sawa lakini yanaua vitamini. Mafuta kidogo weka, au tui, au karanga, kwa sababu vitamini A ya kwenye majani ya kijani inahitaji mafuta ndo mwili uipate. Kisamvu ndo usikifanyie haraka, kile kina sumu, nunua kilichotwangwa vizuri ukichemshe sana.

Nesi alinisomea kwenye karatasi kwamba WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi havihesabiwi. Usije ukanihesabia chipsi. Uanze na fungu moja kwa siku. Ukishuka kituoni, pitia genge la mboga kwanza kabla hujafika kwa muuza chipsi, ukishakuwa na mfuko wa mchicha mkononi utaona aibu kuuacha uoze. Usinunue wa wiki nzima, huna friji, nunua wa leo na ukibaki simamisha mashina kwenye glasi ya maji. Na kwa mama ntilie mwambie aongeze mboga, mlipe tu, siyo kile kijiko anachochorea pembeni ya wali. Kachumbari ya barabarani ndo sitaki, mvua hizi kipindupindu hakichelewi, tengeneza yako.

Halafu umuulize wa genge mchicha ameutoa wapi. Wa bonde la Msimbazi mi nauogopa, ule mto unapokea maji machafu ya viwandani na ya vyooni, na kilichopandia kwenye mizizi huwezi kukiosha kwa maji ya bomba. Ndo maana mi nimepanda wangu. Pale nyuma penye tenki bovu nimeweka viroba vya udongo na samadi, mchicha wiki tatu nne unachuma, na matembele nimechomeka vijiti vyake tu vimeshika vyote. Ukija nitakukatia vijiti ukapande kwenye ndoo hapo kibarazani kwako, jua linafika, mwenye nyumba hawezi kukataa ndoo.

Umekula mboga leo? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Hapa tupo. Fundi bati kaja kaangalia akasema pale jikoni ni misumari imelegea tu, hela uliyotuma ilitosha na iliyobaki tumeweka luku. Mama yako goti bado. Mchango wa harusi ya mtoto wa shangazi yako wanaulizia, mi nimeahidi kwa niaba yako lakini usitume mpaka hizo dawa zimeisha na umerudi kupimwa, shangazi yako nitaongea naye mimi. Tenki jipya tutalifikiria mwezi ujao.

Jumapili njoo mapema kabla jua halijawa kali, na uje na ndoo mbili zenye matundu chini, za rangi zile zinafaa ila zisuguliwe kwanza. Mdogo wako atakupokea kituoni.

Baba yako